Kabati la Koku na Mwavuli wa Matroni

Nianze na dagaa, maana ndio walioniumbua.

Nilimtengenezea binti yangu kabati la nguo kwa makreti ya dagaa. Niliyaokota mwaloni, pale ufukweni wanaposhushia samaki, bure, nikayasugua kwa sabuni ya unga, nikayaanika mpaka yakakauka kau, nikayapandanisha, nikayapaka rangi ya waridi iliyobaki kwenye kopo la fundi mmoja. Mtu yeyote aliyekulia kando ya ziwa hili anajua kwamba ubao ukishabeba dagaa umeolewa nao. Mimi nimezaliwa hapa Bukoba, nimesoma hapa hapa mpaka kidato cha nne, na Biolojia nilifaulu. Lakini niliyainamia yale makreti, nikayanusa, nikajiambia harufu imekwisha. Haikuwa imekwisha. Pua yangu ndiyo ilikuwa imekata tamaa.

Nikapanga ndani vigauni. Asubuhi nilipofungua mlango wa mbele, paka wa mtaa mzima walikuwa wamekaa barazani, wametulia, mikia wameizungusha miguuni, kama waumini wanaomsubiri mchungaji aliyechelewa. Nyuma yao akaja Matroni, jirani yetu wa miaka mingi, akimtafuta paka wa kwake. Hakunisalimia. Alinipita mlangoni, akamfuata yule paka hadi chumba cha mtoto, akachomoa kigauni kimoja, akakinusa, akakirudisha taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha marehemu.

"Baba Koku," alisema, "huyu mtoto ataliwa kabla hajamaliza darasa la kwanza."

Nilikaa kitandani. Paka hawakuwa tatizo langu. Tatizo lilikuwa kwamba huyo Koku mwenyewe alikuwa hakai na sisi, na kabati lile ndilo lingemleta.

Tangu alipoachishwa ziwa alikuwa Kishanda, kule Muleba, kwa mama mkwe wangu. Wakati ule mimi na mke wangu tulikuwa tumepanga chumba kimoja, na nusu ya chumba ilikuwa redio za watu. Baadaye mambo yakalegea kidogo: tukapata nyumba hii, mke wangu akapata meza ya vitenge sokoni, nami nikaendelea kutengeneza redio na pasi, kazi niliyoipenda kwa sababu hainidai nitoke getini. Koku alikuwa aanze shule Januari. Lakini kila alipokuja kututembelea alikuwa ananiita Baba Redio, kwa adabu kabisa, jinsi anavyowaita Baba Maziwa na Baba Pikipiki wa kule kwao. Na mama mkwe alikuwa ametoa sharti: omwana haji kukaa kwenye nyumba ambayo nguo zake zinalala kwenye kiroba. Awe na mahali pake, papangike. Pakiwapo, atamleta mwenyewe Desemba. Pasipokuwapo, shule hata Kishanda zipo. Sasa kabati la dukani lilikuwa na bei ya ng'ombe, na sisi tulikuwa na hela ya misumari.

Matroni alilisikiliza hilo lote akiwa amemshika paka wake shingoni. Kisha akasema makreti yatoke nje, na Jumamosi atakuja.

Jina lake mwenyewe Matroni analo, ila mtaani kwetu, hapa unapouacha mji na kuanza kupanda kuelekea Kashozi, halina kazi. Alikuwa matroni wa bweni la wasichana kwa miaka mingi kiasi kwamba baadhi ya wasichana wale sasa wana wajukuu. Akastaafu. Ukaguzi ndio uliokataa kustaafu. Kila Jumamosi, chai ikiwa bado ya moto, utamwona anashuka njia na mwavuli mweusi mkononi. Mwavuli ule si wa mvua. Mvua ikinyesha, na Bukoba mvua haihitaji sababu, anavaa mfuko wa plastiki kichwani, mwavuli anauficha ndani ya koti usilowe. Mwavuli ni wa kupimia.

Imani yake kubwa, ukiiweka kando ile ya Kilutheri, ni kwamba kabati la mtoto lisipite kwapa la mtoto. Kilicho juu ya kwapa, anasema, si kabati, ni dari. Mtoto anayeomba kushushiwa shati leo, kesho ataomba kuvalishwa, na mwisho ataomba kutafutiwa mke. Kwa hiyo anawapima. Anamsimamisha mtoto popote alipomkuta, anachomeka ncha ya mwavuli ardhini, anatazama mpini unafika wapi ubavuni, kisha anakwenda kumwambia mama yake ashushe rafu. Watoto wa mtaa wetu wakimwona tu wananyanyua mikono juu wenyewe, kama majambazi waliokamatwa. Mgeni kutoka Mwanza aliwahi kuniuliza hawa watoto wamefanya nini. Hata mimi alishanipima, nikiwa na mke na ndevu, akatikisa kichwa, akaniuliza kama nyumbani kwetu tulikuwa tunakula.

Alama zake ni tatu. Chafu. Chafu sana. Afadhali. Ya nne hakuna aliyewahi kuisikia. Mke wa mwinjilisti alipata "afadhali" mwaka mmoja, akaitolea ushuhuda kwenye kikundi cha akina mama, wakamwimbia.

Ana maadui pia. Henga anazichukia. Nguo, anasema, si nyama ya buchani, haining'inizwi. Milango ya kabati nayo haitaki, kwa kuwa mlango kazi yake ni kufunika aibu, na asiye na aibu aweke pazia. Adui yake mkubwa kuliko wote ni soksi iliyobaki peke yake. Hiyo anaiita soksi mjane, na kwa Matroni mjane haachwi hivi hivi. Anapita nyumba kwa nyumba akikusanya wajane kwenye mfuko wa kitambaa, anakwenda nao kwake, anawaozesha, anawarudisha wakiwa wawili wawili. Hajali rangi, hajali ukoo. Ndiyo maana ukikaa njiani asubuhi wakati wa shule utaona mtoto wa kwetu amevaa mguu mmoja wa soksi ya shekhe wa mjini na mwingine wa mzee wa kanisa. Mtu akilalamika kwamba hazifanani, Matroni anamuuliza kama yeye anafanana na mkewe.

Lakini nisiwadanganye mkadhani kila alichosema kilikuwa hekima. Kuna msimu alishikilia kwamba dawa ya nondo ni pilipili kichaa, ikaushwe, itiwe katikati ya nguo. Akaja na bakuli lake. Nikazipanga pilipili katika mashati yangu kwa utii. Jumapili, mahubiri yalipofika mahali pa kugusa moyo, nikajipangusa jasho la uso kwa mkono wa shati. Nililia mpaka benchi zima likageuka. Mchungaji, masikini, alidhani ni yeye, akarefusha mahubiri. Nilipompelekea Matroni malalamiko, macho yangu yakiwa mekundu kama ya dereva wa lori, alitaka kujua jambo moja tu: nondo niliwaona?

Na kuna habari ya ndizi. Matroni, anayemfokea mama wa watu kwa kuweka kiatu kwenye rafu ya nguo, anaivishia ndizi ndani ya kabati lake mwenyewe. Kabati kubwa la mninga, la urithi wa kazi, lenye giza na joto zuri. Anaweka chane chini, anazifunika kwa makoti. Kila mtu anajua, kwa kuwa akipita kanisani kwenda kutoa sadaka, watoto wote wa benchi la mbele wanasikia njaa. Siku moja nilijipa moyo nikamuuliza, kwa heshima, waitu Matroni, imekuwaje. Akanitazama kwa huruma, akanieleza kwamba sijaelewa: lile si kabati la nguo lenye ndizi, ni kabati la ndizi, na nguo ni za kuzifunika.

Basi mtu huyo ndiye aliyekuja Jumamosi ile kusimamia kabati la Koku.

Urefu wa kwapa la Koku hatukuwa nao, kwa kuwa mwenye kwapa alikuwa Kishanda. Matroni akaomba simu. Mke wangu akampigia mama yake, akampa Matroni, na hapo ndipo mambo yaliponitoka mikononi. Wale wanawake wawili walikuwa hawajuani. Waliongea Kihaya mpaka simu ikawa ya moto. Waliulizana habari za migomba na mnyauko wake, wakaulizana magoti, wakagundua wote wawili wana dharau ileile kwa watu wanaofua nguo nyeupe pamoja na za rangi, na mwishoni kabisa Koku akasimamishwa kwenye mpini wa jembe na kupimwa. Nilikuwa nimekaa hapo nimeshika bisibisi, nikisikia maisha yangu yanapangwa.

Kwani kulikuwa na tatizo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria. Kwetu, kwa wanaoshika mila, mama mkwe hapiti sebule ya mkwewe. Anakaa hapo hapo, anaongea na ukuta, na mkwe anaongea na ukuta mwingine. Siku hizi wapo wanaopeana mikono na hata kupiga picha pamoja. Mama mkwe wangu si wa siku hizi. Sasa kabati la mtoto liko chumba cha ndani, yeye atalikagua vipi? Wakapatana hapo hapo kwenye simu: atakayeingia kukagua ni Matroni. Mama mkwe atasubiri sebuleni na mtoto na mizigo yake, haijafunguliwa. Matroni akisema limefaa, mtoto anabaki. Akisema halifai, wanarudi na gari la mchana.

Nilimwambia mke wangu kwamba huyu mwanamke hajawahi kumpitisha mtu, ukimtoa mke wa mwinjilisti, tangu Bukoba iwe mji. Mke wangu alinijibu kwamba basi nijenge vizuri.

Tulijenga. Nasema "tulijenga" ingawa Matroni alikuwa amekaa kwenye stuli akitafuna kamwani, ile kahawa yetu kavu ya kutafuna, na kunielekeza kwa mwavuli. Fremu nilipiga kwa mabanzi ya kiwanda cha mbao, yale wanayoyauza kuni. Droo zilikuwa madumu ya mafuta ya kula, ya njano, niliyoyakata ubavu mmoja na kuyalaza: mkono wa dumu unabaki mbele, mtoto anaushika, anavuta, droo inatoka. Hilo lilikuwa wazo lake, na lazima nikiri ni zuri, ingawa alilitoa kwa namna ya kunisuta. Pazia likatoka kwenye chandarua kilichotoboka. Nguo alizikunja mwenyewe. Hakuzilaza zikapandana. Alizikunja kwa mzingo kama chapati, kaptula na fulana na chupi na soksi pamoja, akafunga kila furushi kwa kamba ya mgomba. Furushi moja, siku moja. Mtoto anachukua lake bila kubomoa mlima. Yalipopangwa kwenye yale madumu ya njano, kusema kweli, nilisimama nikayatazama kama mtu anayetazama shamba lake.

Hapo ningeacha. Lakini mimi ni fundi wa umeme wa mezani, na mtu wa namna yangu hawezi kuona boksi asitie waya. Nikafunga balbu ndani, juu, nyuma ya chandarua. Nilitaka Koku akivuta pazia taa imwonyeshe nguo zake, kama kwenye maduka ya mjini. Nilitaka aseme kule Kishanda hakuna kitu hiki. Matroni aliitazama ile balbu kwa muda mrefu.

"Nguo hazisomi, Baba Koku," alisema.

Nikamwambia ni urembo tu. Akaenda zake.

Jioni ya kuamkia siku yao, chumba kilikuwa kinanuka vanishi, nikafungua dirisha. Nikawasha balbu nijaribu. Umeme ukakatika. Nikaenda kulala bila kukumbuka swichi, na umeme, kwa tabia yake, ulirudi watu wote wakiwa hoi. Desemba ndiyo ilikuwa inaanza. Msomaji wa Kagera ameshacheka. Kwa wengine nieleze. Miezi hiyo senene, panzi wa kijani wa kuliwa, huja kutoka wanakojua wenyewe, na wanachopenda duniani ni mwanga mweupe. Watu huku wanawasha taa kubwa na kuinamisha mabati ili wawanase. Mimi nilikuwa nimewasha taa, nyuma ya chandarua, kando ya dirisha lililo wazi, kisha nikalala. Mtego bora kuliko huo sijauona kwa mtu yeyote, na sikuwa nimekusudia.

Asubuhi nilisikia kitu kama mvua inayonyesha ndani. Mke wangu alikuwa ameshatoka kwenda stendi kuwapokea. Niliingia chumbani. Kabati lilikuwa linatembea. Si kwamba lilihama, ila kila kitu ndani yake kilikuwa kinatembea: chandarua kilikuwa kijani, madumu yalikuwa kijani, mafurushi ya Matroni yalikuwa na miguu. Walikuwa wameingia kwa tundu la chandarua na kutoka hawakutaka. Nikakimbilia sufuria. Nikajaza moja, nikajaza beseni la kufulia, nikatazama kabati, hakuna kilichopungua. Ndipo nikasikia geti.

Mama mkwe aliingia na kikapu na kukaa kwenye kiti cha karibu na mlango, uso kwenye kalenda. Mimi nikaamkia dirisha. Koku alisimama katikati amevaa koti kubwa, miguu pamoja, akinitazama kama mteja ambaye bado hajui kama fundi ni mkweli. Matroni alikuwa ameshafika, mwavuli mkononi, koti lake la Jumapili, anatoa harufu ya ndizi mbivu. Nilijaribu kumwita pembeni. Hakuitika. Kwa Matroni, kumwita mkaguzi pembeni ni rushwa. Akaingia chumbani akafunga mlango.

Tulisubiri. Mke wangu alileta chai. Mama mkwe aliisifu kalenda. Chumbani kulisikika kishindo, kisha kimya, kisha kitu kama mtu anayefungua na kufunga mwavuli kwa haraka. Chai ikapoa. Nilikuwa nimeshamuona Koku kwenye kiti cha gari la mchana, na koti lake.

Matroni alipotoka, mwavuli alikuwa ameukumbatia kwa mikono miwili, umefungwa kwa mkanda wa gauni lake, nao ulikuwa umenenepa. Uso wake ulikuwa uleule wa siku zote.

"Afadhali," alisema.

Mke wangu alishika mdomo. Nami karibu nimwimbie. Lakini mwavuli ukapiga teke, na senene mmoja akatokea kwenye mshono, akajitikisa, akaruka, akatua kwenye kilemba cha mama mkwe.

Mama mkwe alipandisha mkono polepole, akamtoa yule senene, akamtazama. Kisha akamwambia mjukuu wake, sauti akiielekeza kwenye kalenda: "Koku, mwulize baba yako kama hapa mtoto analala na wadudu."

Ndivyo mama mkwe anavyoongea na mimi, kwa kupitia mtu. Nikamwambia Koku amwambie bibi kwamba ni bahati mbaya, taa ilisahauliwa, nitawatoa wote sasa hivi, nguo zitafuliwa upya, samahani sana. Nilitoa maelezo marefu ya kiufundi. Koku alisikiliza yote kwa makini, akamgeukia bibi yake.

"Baba anasema ni senene wako, amekuvulia."

Nilisikia "Baba" likiwa peke yake, bila redio nyuma yake. Sijui kama yeye mwenyewe aliligundua. Nilitazama dirisha kwa nguvu sana.

Mama mkwe alimgeuza yule senene upande wa pili. Yeye ni wa kizazi ambacho mwanamke alivuna senene akampelekea mume, yeye mwenyewe asionje. Haonji, ndivyo anavyosema. Lakini vidole vyake, bila kumuuliza, vilikuwa vimeshamnyonyoa yule senene mabawa na miguu, vikamweka kwenye sahani ya kikombe. Akauliza, kupitia Koku, wako wangapi. Koku akakimbilia chumbani akarudi anapiga kelele kwamba hawahesabiki. Basi, alisema mama mkwe, na aletewe aone. Aletewe nini? Kabati.

Tukalibeba, mimi na mke wangu, likipita mlangoni kwa shida kama jeneza lililo hai, tukalisimamisha sebuleni mbele yake. Koku akavuta pazia. Yaliyofuata yalikuwa vurugu tupu na sitayaeleza vizuri. Wanawake watatu na mtoto walikuwa magotini, kitenge kimetandazwa, Matroni akitoa amri za bwenini, mama mkwe akichota kwa kilemba na kucheka cheko ambalo sikujua kama analo, huku mimi nimepanda juu ya kiti. Ndiyo, nilipanda juu ya kiti. Senene nawapenda wakiwa wamekaangwa.

Walipokwisha, jua lilikuwa limepanda na gari la mchana lilikuwa linakaribia. Mama mkwe akajifuta magoti, akatazama kikapu chake, akamtazama Koku, na uso wake ukafunga. Alianza kusema kwamba labda, kwa leo, kwa kuwa nguo zenyewe zimechafuka, labda wangerudi tu, waje siku nyingine, hakuna haraka, Januari iko mbali. Alisema yote hayo huku akimfungia Koku vifungo vya koti lililokwisha kufungwa. Mke wangu alinitazama. Mimi nikalitazama dirisha langu.

Matroni alichomeka mwavuli kwenye droo ya chini, akaivuta. Ilikuwa tupu.

"Hili dumu halina kitu," alisema. "Kabati lenye dumu tupu mimi sipitishi. Panya wataliona kabla ya mtoto. Mama, una nini humo kikapuni?"

Mama mkwe akasema hana kitu, ana sweta lake tu la safari. Matroni akanyoosha mkono. Likatolewa, sweta la rangi ya kahawa, limetoboka kiwiko. Koku ndiye aliyelikunja, kwa mzingo, ulimi nje, akalifunga kwa kamba ya mgomba, akalisukumia ndani ya dumu na kusukuma droo kwa tumbo.

"Nitakuja kulichukua," mama mkwe aliiambia kalenda. Kisha akamvua mjukuu wake koti.

Mpaka leo sijui Matroni alikusudia au alikuwa anashikilia kanuni nyingine ya kipuuzi kama ya pilipili. Nilipomuuliza aliniambia panya hawana dini. Na wale senene wa ndani ya mwavuli? Hakuwarudisha. Nilisikia kikaango kwake jioni ile, na nilipopita kumshukuru alinifungulia mlango akiwa na mdomo umejaa, akanikatalia kwamba anakula.

Koku akaanza shule. Kila asubuhi alivuta furushi lake mwenyewe, mguu mmoja soksi ya huku, mmoja ya kule. Mama mkwe, kwa upande wake, alikuja kulichukua sweta kama alivyoahidi. Alilichukua, akaacha gauni mbili. Akaja kuchukua gauni, akaacha viatu, kitabu cha nyimbo na kitenge kipya. Na kwa kuwa yeye hapiti sebule, kabati halikuweza kurudi chumbani. Lilibaki hapo hapo sebuleni ili alifikie. Akija analala hapo, kwenye godoro mbele ya madumu yake, na akiwa hapo mimi siwezi kuingia sebuleni, mila ni mila. Nikahamia barazani na redio zangu. Mvua ikanifukuza barazani. Sasa natengenezea pasi za watu jikoni, mwanaume wa Kihaya mzima, kando ya sufuria la ebitoke, ndizi zetu za kupika, na wateja wakipiga hodi Koku anawaelekeza: Baba yuko kwa akina mama. Mimi niliyekuwa sitoki nyumbani nimekosa pa kukaa nyumbani.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Matroni. Goti limemshika, Jumamosi hashuki tena. Tunampelekea watoto, anawapimia hapo hapo mlangoni akiwa amekaa. Koku alijisimamisha, mikono juu. Mpini wa mwavuli ukamfika chini kabisa ya kwapa, mbavuni. Matroni alirudia kupima, kana kwamba mwavuli ndio uliopungua, akampa ndizi mbivu iliyotoka kabatini, yenye uzi wa sweta juu yake, akamwambia aende akacheze.

Nami nikatoa yaliyokuwa moyoni. Nikamweleza kwamba madumu matatu sasa ni ya mama mkwe na nguo za Koku ziko kwenye beseni juu ya friji bovu la mteja. Kwamba safari hii alikuja na mto wake wa kulalia, na picha ya marehemu mumewe, kwenye fremu. Nikamwambia nimepata mabanzi mengine, nina mpango mzuri: nimjengee mama mkwe kabati lake mwenyewe, refu, lenye droo za kutosha, ili hili la mtoto lirudi kwa mtoto, nami nirudi kwenye kiti changu. Nilimchorea hata fremu yake kwa kidole kwenye vumbi la mlangoni.

Matroni aliutazama mchoro huku anatafuna kahawa yake. Akaufuta kwa ncha ya mwavuli.

"Usijenge, Baba Koku. Huyo mama ukimpa kabati la peke yake, hatarudi Kishanda hata kwa kuzikwa."